Je, Tunayo Haki ya Kutokujua?

Anayepanda kutoka Mwandiga, karibu na mji wa Kigoma, mpaka Manyovu husafiri kilometa 60 hivi, na kadiri apandavyo ndivyo joto la ziwa limwachavyo. Michikichi hubaki nyuma. Mbele huja migomba, maharagwe na kahawa, na ukungu wa asubuhi juu ya milima ya Buha inayopakana na Burundi. Watu wa huko ni wakulima hodari. Mkulima wa kahawa wa Manyovu hangoji majani yanyauke ndipo autazame mti wake. Huinama akatazama shina chini kabisa, akitafuta unga wa mbao utokao katika tundu la bungua. Akiuona unga huo ajua ya kuwa adui yumo ndani, ijapokuwa mti wenyewe bado ni mbichi na wapendeza macho.

Basi tumfikirie mama mmoja katika nyumba ya mkulima huyo. Hatumpi jina, maana si mmoja. Ni wengi, na wapo Manyovu, Kasulu, Kibondo na kila pembe ya nchi yetu. Umri wake wapata miaka hamsini na mitano. Siku zake zilikwisha koma zamani, lakini sasa aona damu tena. Hana maumivu. Anyamaza. Hamwambii mumewe kwa haya, hamwambii binti yake kwa hofu, wala haendi hospitali, kwani asema moyoni, "Nikienda wataniambia neno nisilotaka kulisikia." Naye mumewe, aliyeinama asubuhi kulitazama shina la kahawa, hajauliza hata siku moja mkewe anaendeleaje.

Mama huyu hakumdhuru mtu. Mwili ni wake, na hofu ni yake. Je, amekosa? Au tuulize hivi: mtu anayo haki ya kutotaka kujua habari za mwili wake mwenyewe? Swali hili si la waganga peke yao. Ni swali la dhamiri, nalo laingia katika kila nyumba, maana ugonjwa wa saratani, au kansa kama wengi wauitavyo, hauchagui nyumba.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Sababu za mama huyu si za kipumbavu. Kwanza aliona jirani yake akienda hospitali, akaambiwa ana saratani, akafa miezi michache baadaye. Naye akafikiri kwamba hospitali ndiyo iliyomletea mauti. Pili, ugonjwa uko mahali pa siri, na mwanamke aliyelelewa vizuri haoni ni jambo dogo kujifunua mbele ya mgeni. Tatu, husema kwamba siku za mtu zimekwisha hesabiwa na Mungu, basi kuzitafuta kuna faida gani? Na nne, hata akijua, dawa iko mbali na fedha hana. Haya yote ni maneno ya mtu mwenye akili. Yapasa yajibiwe, si kudharauliwa.

Tuanze na jambo lenyewe lilivyo. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo hukua, huzaa nyingine na kufa kwa utaratibu wake. Saratani ni pale chembe zinapoasi utaratibu huo, zikazidi kuongezeka bila kiasi, zikavamia jirani zao, na mwisho zikasafiri kwa njia ya damu na mitoki mpaka sehemu nyingine za mwili. Lakini uasi huo haufanyiki usiku mmoja. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowaua wanawake wengi kupita saratani zote katika nchi yetu, huletwa karibu siku zote na kirusi kiitwacho HPV. Mwanasayansi wa Kijerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyekitambua mwaka 1983 katika saratani hiyo, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi hiki huambukizwa kwa tendo la ndoa. Mara nyingi mwili hukishinda wenyewe. Kisiposhindwa, hubadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole, na tangu mabadiliko ya kwanza mpaka saratani yenyewe hupita kwa kawaida miaka kumi na mitano hivi, hata ishirini. Kwa wanawake wenye virusi vya Ukimwi mwendo huo ni wa haraka zaidi, na hatari yao ni kama mara sita ya wengine.

Miaka kumi na mitano! Ni muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kubatizwa, kumaliza shule ya msingi na kuingia sekondari. Kwa muda wote huo adui yuko mlangoni tu, hajaingia ndani. Hata hivyo, kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 katika Tanzania walipata ugonjwa huu katika mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 wakafa nao. Wengi katika hao hawakufa kwa kuwa ugonjwa hauna dawa. Walifa kwa kuwa walikuja wakati saa ilikwisha pita.

Na kumtazama adui huyo mlangoni hakuhitaji mitambo mikubwa. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi, akangoja dakika moja, kisha akatazama kwa taa. Penye mabadiliko hugeuka peupe. Doa likiwa dogo, mara nyingi huweza kuondolewa siku ile ile kwa baridi kali au kwa joto, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Huko Mumbai, India, wanawake wapatao 150,000 walihusika katika utafiti wa miaka mingi, na waliowapima hawakuwa madaktari bali wahudumu wa afya wenye elimu ya kawaida. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa karibu theluthi moja katika mitaa iliyopimwa. Siki, taa, na jicho lililofundishwa: ndiyo silaha yenyewe. Katika nchi yetu kipimo hiki hutolewa katika hospitali na vituo vingi vya afya, hasa kwa wanawake wa miaka 30 mpaka 50, na kwa wenye virusi vya Ukimwi mapema kuliko hapo.

Sasa turudi kwenye dhamiri. Walimu wa maadili wa Kanisa wamefundisha tangu zamani kwamba mtu yampasa kutunza uhai wake na afya yake, kwa kuwa ni amana aliyokabidhiwa, si mali ya kutupa. Lakini hawakufundisha kwamba yampasa kufanya kila liwezekanalo duniani. Papa Pius wa Kumi na Mbili, alipozungumza na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, alieleza kwamba wajibu wetu kwa kawaida ni kutumia njia za kawaida tu, yaani zile zisizomtwika mtu mwenyewe au wenzake mzigo mzito kupita kiasi. Kuhusu njia zisizo za kawaida, mtu yu huru. Mafundisho haya yana huruma nyingi ndani yake. Hayamhukumu maskini aliyeshindwa kufika Ulaya, wala mgonjwa aliyechoka ambaye aomba aachwe afe kwa amani nyumbani kwake.

Lakini tuangalie jambo moja, nalo ndilo tunalotaka kulisema leo. Njia ya kawaida haibaki kuwa ya kawaida milele. Wakati waigeuza. Doa dogo la leo huondolewa kwa saa moja, karibu na nyumbani, kwa gharama ndogo. Doa lile lile likiachwa miaka kumi, tiba yake yawa kupasuliwa, au mionzi na dawa kali kwa majuma mengi katika hospitali chache kubwa: Bugando huko Mwanza, hospitali ya Maaskofu iliyofunguliwa mwaka 1971, au Ocean Road huko Dar es Salaam, katika majengo yaliyoanza tangu wakati wa Wajerumani, mwaka 1897. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina urefu wa kilometa zaidi ya 1,200 toka pwani. Mama wa Manyovu asafiri njia hiyo yote akitoka damu? Alale wapi? Nani apalilie maharagwe? Nani awapikie wadogo? Ng'ombe wangapi wauzwe? Mzigo uliokuwa mwepesi umekuwa mzito kwa nyumba nzima. Ndiyo kusema, asiyetaka kujua mapema hajikwepeshi na mzigo. Auhamisha tu kutoka siku ya leo, alipokuwa na nguvu za kuubeba, mpaka siku ya kesho, asipokuwa nazo. Tena autwika migongo ya wengine pamoja na wake.

Kwa hiyo twajibu hivi: wajibu wa kulinda uhai hauanzi siku ya maumivu. Waanza mapema, wakati njia bado ni nyepesi. Anayejua kwamba kipimo kipo, tena kipo karibu, tena anao uwezo wa kukifikia, naye akageuza uso kwa makusudi ili asijue, hawezi kusema, "Sikujua." Kutojua kwa namna hiyo ni kutojua alikokuchagua.

Lakini hapo hapo ni lazima tutofautishe. Walimu hao hao wa maadili hufundisha kwamba kutojua kuna namna mbili: kunakoweza kuepukwa na kusikoweza kuepukwa. Mama ambaye hakuna aliyemwambia kamwe kwamba damu baada ya kukoma hedhi ni dalili ya kuharakisha hospitali, huyo hana kosa hata kidogo. Kosa, kama lipo, ni letu tuliojua tukanyamaza: sisi tuliosoma, sisi wenye kushika kalamu, sisi tunaosimama mbele ya watu kila Jumapili na kutangaza harusi na michango, tusitangaze siku ya kupimwa.

Na wale wasemao, "Ni mapenzi ya Mungu," tuwaulize kwa upole: je, mkulima aombaye mvua huacha kupalilia? Amwachia Mungu mvua, kwa kuwa mvua haiko mikononi mwake. Lakini jembe liko mikononi mwake, nalo hulitumia. Saa ya kufa haiko mikononi mwetu. Kwenda kituo cha afya kuko.

Elimu hii ya hatari za saratani ina makali upande wa pili pia, nayo yaweza kumkata asiye na kosa. Twaambiwa tumbaku huleta saratani, na ni kweli. Tangu mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha jinsi uvutaji wa sigara ulivyofungamana na saratani ya mapafu. Twaambiwa pombe huongeza hatari ya saratani ya koo, ya ini na ya matiti, na ni kweli. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zaweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini na kuleta saratani yake. Kwa hiyo kukausha nafaka vizuri kabla ya kuiweka ghalani ni kinga. Haya yote yafaa tuyajue na kuyashika. Lakini hatari si hatia. Wako wazee waliovuta kiko maisha yao yote wasiugue, na wako watoto wasiojua ladha ya sigara waliougua.

Tukumbuke habari ya daktari Denis Burkitt. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya zote. Akaanza kuwatafuta wengine. Mwaka 1961 yeye na rafiki zake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka maelfu ya kilometa, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Wakagundua kwamba uvimbe huo hupatikana zaidi katika nchi za joto na mvua, penye malaria nyingi, na ni nadra katika milima ya baridi. Leo saratani hiyo yaitwa kwa jina lake, nayo ilikuwa moja ya saratani za kwanza kuponywa kwa dawa. Basi, mtoto wa miaka saba alikosa nini? Na Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, nani athubutu kusema alirogwa au alilaaniwa? Saratani si laana, si uchawi, wala haiambukizwi kwa kula pamoja. Anayemtenga mgonjwa kwa sababu hizo amwongezea ugonjwa wa pili, na huo hauna dawa hospitalini.

Hasa tuwaonye waume. Mke akiambiwa ana HPV, mume asiruke kusema, "Umeitoa wapi?" Kirusi hiki ni cha kawaida mno, watu wengi walioonja ndoa wamepata kukutana nacho wakati fulani. Chaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya bila dalili, na mara nyingi ni mume aliyekileta bila kujua. Si ushahidi wa uzinzi. Mume mwema humwambia mkewe, "Twende wote," akamlipia nauli, akamngoja nje, akabeba mtoto.

Wazazi nao wana sehemu yao. Tangu mwaka 2018 serikali yetu ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchini kote dhidi ya kirusi hicho, na mwaka 2024 ikaanza chanjo ya dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Kuna uvumi kwamba chanjo hii hufunga uzazi. Uvumi huo si kweli. Mamilioni ya wasichana wamechanjwa katika nchi nyingi na hakuna ushahidi kwamba iliwazuia kuzaa. Wengine husema kumchanja binti ni kumpa ruhusa ya kupotoka. La, hasha! Anayefunga mlango kwa komeo hamwaliki mwizi. Binti aliyelelewa katika usafi wa moyo aweza kuolewa na kijana asiyekuwa hivyo. Naye anastahili kulindwa.

Waganga na wauguzi nao wajibu wao ni mkubwa. Wakitaka mama ashinde haya yake, wao wawe wa kwanza kuiheshimu: pazia, sauti ya chini, neno la staha. Na wenye mamlaka wajue kwamba kumwambia mtu ana ugonjwa, kisha kumwacha barabarani bila njia ya tiba, si haki. Anayewaita watu wapimwe ameahidi, hata kama hakutamka, kwamba atawasaidia watakaoonekana wagonjwa. Mahali tiba ilipo mbali, majirani, jumuiya na parokia wanaweza kuchanga nauli, kama tuchangavyo kwa matanga. Na heri kuchangia safari ya mgonjwa kuliko jeneza lake.

Tusidanganyane hata hivyo. Si kila saratani huweza kuonekana mapema. Saratani ya damu, kwa mfano, haina kipimo kama kile cha siki. Vipimo navyo hukosea mara nyingine, vikamtia hofu mtu mzima wa afya au vikampita mgonjwa. Kwa hiyo hatusemi kila mtu akapimwe kila kitu. Twasema tu: kipimo kilichothibitishwa, kilicho karibu, kwa yule anayekihusu, na dalili isipuuzwe na yeyote. Uvimbe katika titi, hata usiouma. Damu isiyo na sababu. Kidonda kisichopona kwa majuma. Chakula kinachokwama kooni. Kukonda bila kujua kwa nini. Mwenye dalili hizi huenda hana saratani, na mara nyingi hana. Lakini aende, aambiwe na ajuaye.

Tumrudie mama yetu wa Manyovu. Je, amekosa? Ikiwa hakuambiwa, hakukosa, tumekosa sisi. Ikiwa aliambiwa akaogopa, tusimhukumu, tumshike mkono. Hofu ya mtu mmoja ni nzito, lakini ikibebwa na wawili hupungua. Na wewe usomaye, baba au mama, leo jioni baada ya chakula, muulize mwenzako anaendeleaje, tena muulize kwa kweli, kama mtu atakaye jibu. Mkulima hakungoja mti unyauke. Basi, walio nyumbani mwake wana thamani kupita kahawa yote ya milima ile.